Mpiga Zeze Aliyetoka Dakika ya Sitini na Tano

Wapendwa, wale mnaosema mpira hauna nafasi kanisani, leo nivumilieni kidogo, maana nawapeleka uwanjani. Na mkifika huko, naomba asitoke mtu kabla ya mwisho.

Kulikuwa na mpiga zeze mmoja kule Ugogo, katika mji mdogo ambao garimoshi husimama dakika tano tu kisha likashika njia. Tumwite Ndahani. Baba yake alikuwa fundi wa reli, na alipofariki alimwachia mwanawe vitu viwili. Cha kwanza ni zeze, kile kibuyu chenye nyuzi kinachopigwa kwa upinde mpaka mtu akajikuta anatoa machozi bila kujua analia nini. Cha pili ni timu. Timu yenyewe iliitwa Nyundo, iliundwa na mafundi wa karakana, na tangu iundwe ilikuwa haijachukua kombe lolote, hata lile la mbuzi. Mnalijua kombe la mbuzi? Mshindi anapewa mbuzi, anachinjwa palepale, watu wanakula. Basi Nyundo hata mchuzi wake hawakuwahi kuuonja.

"Timu huichagui," baba alikuwa akimwambia. "Unazaliwa nayo, kama ukoo."

Ndahani akakua, akaenda mjini, na huko akafanya jambo lililozua maneno: alilichomeka zeze kwenye umeme. Akatia kinasa sauti ndani ya kibuyu, nyuma yake akaweka gitaa la solo, gitaa la besi, na mpiga dramu mmoja ambaye akianza unadhani mvua ya mawe imeangukia bati. Nyimbo zilezile ambazo bibi zetu waliimba wakipalilia uwele, sasa zikawa zinatikisa kumbi. Vijana wakazipokea kwa miguu na mikono. Wajomba zake wakamwita, wakamkalisha.

"Mwanetu," wakasema, "umelivisha zeze suruali."

Naye akawajibu kwa adabu, "Wajomba zangu, wimbo ni mtu mzima. Haogopi nguo mpya. Mkisikiliza vizuri, ni yeye yuleyule."

Wakasikiliza. Mjomba mmoja akaanza kutikisa bega, basi kesi ikaishia hapo.

Mnaona? Huyu hakuwa mtu wa kutupa asili yake. Kila alipopanda jukwaani alivaa jezi nyekundu ya Nyundo. Kila walipomhoji redioni, kabla hajaulizwa habari za muziki alishataja timu. "Mimi ni Nyundo tangu tumboni," alikuwa akisema. Akatunga na wimbo, na kiitikio chake kilikuwa hivi: tupigwe tusipigwe, tupo. Wimbo huo ukapigwa kwenye harusi, kwenye mikutano, na watu wasioujua hata mlango wa uwanja wa Nyundo wakawa wanaimba: tupo, tupo.

Sasa niwaulize. Mtu huyu aliyeimba "tupo" nchi nzima ikaitikia, mara ya mwisho kukanyaga uwanja ule ilikuwa lini? Miaka tisa, wapendwa. Hakuwa na ubaya. Alikuwa na kazi, alikuwa na safari. Mwaka huu akasema mwakani, mwakani akasema Mungu akipenda.

Ikafika siku ya mechi ya mwisho ya msimu. Nyundo walihitaji sare tu wabaki kwenye ligi. Wakifungwa wanashuka daraja, na kila mtu alijua wakishuka hawapandi tena, maana karakana ilishafungwa na viongozi walishasema hadharani kwamba timu itavunjwa. Ndahani alipozisikia habari hizo akashtuka kama mtu aliyeambiwa mama yake kalazwa. Jioni ileile alikuwa na onyesho Dodoma, lakini akasema, "Tunapitia nyumbani kwanza."

Mji ulimpokea kwa vigelegele. Kabla ya mechi akapiga zeze katikati ya uwanja, spika mbili kubwa, dramu inaunguruma, na watu elfu tano wakaimba mpaka vumbi likapanda juu ya magoli. Wakamketisha mbele kabisa, kwenye kiti chenye kitambaa. Moyo ulimdunda kama wa mtoto wa darasa la kwanza.

Mpira ukaanza. Dakika ya tisa, Nyundo wamefungwa. Dakika ya thelathini, wamefungwa tena. Mapumziko wakaenda mbili bila. Kipindi cha pili wakarudi wanacheza kama watu wanaozima moto, huku, kule, na dakika ya sitini na tatu wakapata penalti. Uwanja mzima ukasimama. Akaipiga beki wao mrefu, Chipanha, ambaye siku za kazi ni fundi baiskeli pale sokoni. Akakimbia, akapiga, mpira ukapita juu ya mwamba na kuangukia kwenye shamba la alizeti la jirani.

Hapo watu wakaanza kutoka. Kwanza mmoja mmoja, kisha mstari mzima, kisha jukwaa zima likawa linateremka. Ndahani akatazama saa yake. Akajiambia Dodoma ni mbali, na wenye ukumbi wanamngoja. Lakini moyoni alijua si Dodoma inayomwinua. Hakutaka kuona timu ya baba yake ikifa. Dakika ya sitini na tano akainuka.

Langoni akakutana na mama mmoja anaingia, ndoo ya maji kichwani, anapita kati ya watu wanaotoka. Alikuwa ndiye anayefua jezi za timu tangu Ndahani yuko shule. Watu walimwita Mama Jezi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Mbona lango leo limekuwa la kutokea tu?"

"Mama, imeshaisha."

"Refa amepuliza?"

"Bado."

"Basi haijaisha," akasema, na wala hakusimama. "Nipishe mwanangu, wale wana kiu."

Akampisha. Akaingia garini, wakaondoka.

Hawajafika mbali, redio ya gari ikapasuka kwa kelele. Dakika ya sabini na nane, Nyundo wamepata bao. Dereva akamtazama kwenye kioo.

"Bosi, tugeuze?"

Kurudi sasa ni kukiri kwamba alitoka. "Twende tu," Ndahani akasema. "Bao moja haliwaokoi."

Wakaenda. Lakini mikono yake ilikuwa imeshika kiti cha mbele, na dereva naye, pasipo kuambiwa, akawa anaendesha polepole. Dakika ya themanini na tano. Tisini. Refa kaongeza nne. Mtangazaji anahesabu, sauti inamkauka. Nyundo wanapata kona, kutoka kushoto. Inapigwa. Kipa anatoka, anaukosa, na pale juu ya watu wote kuna kichwa kimoja. Chipanha. Yuleyule aliyekosa penalti. Mtangazaji akapiga ukelele mmoja, kisha redioni halikusikika neno tena, ni mlio tu wa watu.

"Geuza gari," Ndahani akasema. Dereva alikuwa ameshageuza.

Walipofika, kipenga cha mwisho kilikuwa kimelia zamani. Mbili kwa mbili. Nyundo wamebaki. Kati ya watu elfu tano, uwanjani walikuwepo labda mia mbili, lakini mia mbili wale walikuwa na furaha ya elfu kumi. Wazee wanakumbatiana na wachezaji, kina mama wamefunga khanga viunoni wanacheza, kocha amekaa chini kwenye nyasi anacheka peke yake. Ndahani akaingia taratibu, jezi yake nyekundu haina hata alama ya jasho.

Mtangazaji akamwona, akamrukia na kinasa sauti. "Wasikilizaji, nimempata shabiki namba moja wa Nyundo. Bwana Ndahani, hebu waeleze walioko nyumbani, wewe hilo bao la kusawazisha umelionaje?"

Watu wakanyamaza wamsikie. Na, wapendwa, maneno alikuwa nayo. Kona ya kushoto, kipa kutoka, kichwa cha Chipanha, yote aliyasikia barabarani. Angeweza kuyapanga yakapendeza kuliko ya mtu aliyeona kwa macho. Ndiyo kazi yake, kupanga maneno. Hatua tatu kutoka pale alisimama Mama Jezi na ndoo yake tupu. Alimtazama mara moja tu, kisha akainamisha macho chini, asimwaibishe.

Wewe ungesema nini?

"Sikuliona," Ndahani akasema. "Nilitoka dakika ya sitini na tano. Timu niliyoiimba miaka yote hii, ilipozidiwa niliiacha. Mabao yote mawili nimeyasikia kwenye gari."

Mtangazaji akashusha kinasa sauti, maana hakuwa amejiandaa kwa jibu la namna hiyo. Ndahani akasimama akingoja azomewe. Alijua anastahili.

Chipanha akamsogelea, magoti yamejaa vumbi, na chozi limechora njia shavuni.

"Kaka, hukuliona kabisa?"

"Sikuliona."

"Hata la kwanza?"

"Hata la kwanza."

Yule fundi baiskeli akageuka, akawaita wenzake. "Jamani, huyu ndugu yetu hajaliona. Leteni mpira."

Wapendwa, sikilizeni walichofanya. Wakamshika mkono wakamweka nyuma ya goli. Winga akaenda kwenye kona, kachoka anachechemea. Kipa wa wageni alikuwa bado amekaa pale mlingotini na huzuni yake; wakamwomba naye asimame. "Yaani nifungwe tena kwa hiari yangu?" akauliza, kisha akacheka, akavaa glavu. Kona ya kwanza ikapigwa, ikawapita wote. Ya pili ikagonga mlingoti. Mia mbili wale wanapiga makofi kwa pamoja, hakuna aliyekumbuka kwenda nyumbani. Ya tatu ikaja, Chipanha akaruka, kichwa, wavuni. Na watu wakalipuka upya kama ndiyo kwanza limeingia, na wa kwanza kumfikia Ndahani na kumkumbatia alikuwa Mama Jezi, anamwambia sikioni, "Sasa umeliona. Sasa umeliona, mwanangu."

Ndugu zangu, mfano wangu umekwisha. Sasa natugeukia sisi.

Sisi ni hodari wa kuimba. Kwaya zetu zina vinanda, zina magitaa, na mimi sina ugomvi na gitaa. Ugomvi wangu ni ule wa dakika ya sitini na tano. Jirani amefiwa: siku ya maziko tumejaa mpaka barabarani. Wiki ya tatu, yule mjane anapokaa peke yake na sahani mbili mezani, tuko wapi? Ndugu amelazwa, siku mbili za kwanza tunapanga foleni na uji. Mwezi wa pili nani anakwenda? Ndoa ya rafiki yako imezidiwa, watu wanateremka majukwaani, na wewe unatazama saa. Mungu hajapuliza, ndugu yangu. Nani amekuambia imeisha?

Lakini sikuja hapa kuwapiga waliotoka, kwa maana mimi mwenyewe nimetoka mara nyingi kuliko ninavyopenda kusema mbele ya mke wangu. Nimekuja kusema kwamba waliotoka wanaweza kurudi, na njia ya kurudi ni neno moja: sikuliona. Usijifanye ulikuwepo. Usisimulie neema ya kusikia redioni.

Nanyi mliobaki, mliobeba maji wakati wengine wanakimbia, kwenu nina ombi gumu zaidi. Furaha ni yenu, mmeitolea jasho. Je, mtaipiga tena ile kona kwa ajili ya aliyechelewa, hata kama miguu imechoka? Maana Jumapili hii, nyuma kule karibu na mlango, ameketi mtu ambaye hatujamwona hapa kwa muda mrefu. Hapana, msigeuke kumtazama. Msimwulize alikuwa wapi. Ibada ikiisha, mmoja wenu aende akakae karibu naye, amweleze Mungu ametutendea nini alipokuwa hayupo, na ayaeleze taratibu, tangu bao la kwanza.