Moshi Usio na Mwenyewe

Paukwa!
— Pakawa!
Palikuwa na nini?
— Palikuwa na moshi!
Moshi wa nani?
— Hauna mwenyewe!

Haya, sogeeni. Wewe unayekohoa, njoo mbele kabisa, ngano yenyewe ni yako.

Hapo kale wanyama walijenga mji. Katika mji huo Kiboko alikuwa na tanuri la matofali, kubwa kama tumbo lake. Kuni aliziona ghali, kwa hiyo akachoma matairi mabovu. Fuu! Fuu! Fuu! Moshi mweusi ukapanda, ukatanda, ukashuka mapuani. Asubuhi mji mzima ukaamka kho! kho! kho!

"Moshi huu wa nani?" wakauliza wanyama.

"Wa majiko yenu," akajibu Kiboko. "Mnapika mno nyie. Punguzeni kula!"

Wakapunguza, maskini. Kuku akala mchele mbichi. Mbuzi akaramba unga mkavu, akapaliwa. Kikohozi hakikupungua hata chembe.

Basi alikuwako Buibui, mdogo wa mwili, mkubwa wa akili. Jirani yake alikuwa Chozi, yule ndege mdogo anywaye asali ya maua. Chozi alikuwa na kinda mmoja tu, jina lake Tunu, na kifua cha Tunu kilikuwa kikilia khwii, khwii.

"Shoga," Chozi akamwambia Buibui, "mwanangu hapumui vizuri. Nitafutie moshi huu unatoka wapi."

Buibui akatanda utando mweupe jikoni kwa Kuku. Ukaingia kijivu kidogo. Akatanda mwingine njiani inapopita mikokoteni. Ukaingia vumbi jekundu. Akatanda wa tatu karibu na tanuri. Lahaula! Ukawa mweusi tititi, unanata kama lami.

Akaukunja, akaupeleka barazani mbele ya wanyama wote. Kiboko akacheka, ho ho ho, meno yote nje.

"Kazi nzuri, mwanangu! Lakini umepima jua likiwaka. Je, mvua ikinyesha?"

Hapo ndipo Buibui alipoponzwa na ufundi wake. Swali lile lilimpendeza! Akaenda, akapima kwenye mvua. Mweusi.

"Je, upepo ukivuma?" akauliza Kiboko. Akapima kwenye upepo. Mweusi.

Khwii, khwii, kifua cha Tunu kikalia. "Shoga, vipi?" akauliza Chozi.

"Bado utando mmoja."

"Je, upepo ukitulia?" akauliza Kiboko. Akapima. Mweusi.

Khwii, khwii. "Shoga, vipi?"

"Bado utando mmoja tu, shoga yangu."

Mvua zikaja, zikaenda. Siku moja Buibui akaamka akakuta Chozi hamuulizi tena, anamtazama tu. Ndipo akili ikamrudia. Kumbe Kiboko hatafuti jibu, anatafuta muda! Akauchana utando aliokuwa akiutanda, akashuka mbio hadi kwenye tanuri.

"Shikamoo, Mzee Kiboko."

"Marahaba. Umepima?"

"Nimeacha, Mzee. Kumbe moshi ni neema, umefukuza mbu mji mzima! Wanyama wako barazani, wanataka kumpa mwenye moshi shamba zima la miwa. Kuku anasema ni wake, wa jiko lake."

Mate yakamdondoka Kiboko, do! do! do! "Kuku? Kuku ana moshi gani yule?"

Akakimbia barazani, ti! ti! ti! ardhi ikitetemeka. "Moshi ni wangu!" akanguruma. "Kuku mwongo! Ni wa tanuri langu, nautoa mwenyewe kwa matairi yangu! Wote ni wangu!"

Kuku, ambaye hakuwa amedai chochote, akabaki mdomo wazi. Kisha wanyama wakainuka, wakabeba maji mitungi kwa mitungi, chwaa! Wakalizima tanuri. Kiboko akatimuliwa hadi mtoni, na mpaka leo anajificha majini kwa aibu, anatoa pua tu, tena anatafuta hewa safi!

Buibui akapanda mbio kwa jirani yake. "Shoga! Tumemshinda kwa uongo mmoja tu!"

Chozi alikuwa akikung'uta vinyoya kutoka kwenye kiota. Tunu alikuwa amezikwa asubuhi ile.

"Huo uongo wako ulichukua muda gani?" Chozi akauliza.

"Kidogo tu," akajibu Buibui. "Hata maharage yasingeiva."

"Basi ungeusema siku ile ya kwanza, shoga. Ukweli ungefuata nyuma, polepole."

Maskini Buibui! Alijuta. Alijuta sana, na majuto yale hayakumrudishia Chozi mwanawe.

Enhee. Na funzo lake, watoto wangu, ni kwamba uongo ni mbaya. Tena haraka haraka haina baraka. Mkiona moshi, pimeni kwanza, kisha mpime tena, na mkubwa akiwaletea swali jipya, mshukuruni mkapime tena. Na mkikohoa, kohoeni kwa adabu.

Ngano yangu imeishiwa pumzi. Ikiwa tamu, gawaneni. Ikiwa chungu, niachieni niimeze mwenyewe.