Kilio Hakingoji Karibu

Mlisimama pale mlangoni mkingoja nini?

Mmepiga hodi mara tatu, hakuna aliyewaitikia karibu, mkageuka na ungo wenu wa unga mpaka hapa. Na ndani mlisikia watu wanalia. Mama Ewalda akawakuta njiani, akawaambia, “Kilio hakingoji karibu,” nanyi mmekuja kuniuliza maneno hayo yametoka wapi. Haya, Tekla, weka ungo. Osmunda, sogea huku, usikalie kanga yangu. Nitawaambia, kisha mtaurudisha ungo huo kule kule kwenye msiba, na safari hii mtaingia.

Kilio hakingoji karibu. Watu wa hapa Mahenge siku hizi wanaisema methali hiyo kana kwamba waliirithi kwa wahenga. Haikutoka kwa wahenga. Ina miaka minane tu. Chanzo chake ni korido nyembamba ya nyumba ya ghorofa huko Uswisi, na aliyesimama kwenye korido hiyo ni mimi bibi yenu.

Shangazi yenu Verena alikuwa ameolewa huko mwaka wa tatu, na yule Urs aliyekuja hapa kupima maji. Siku moja akapiga simu. Hakuanza na shikamoo kama kawaida yake. Akasema, “Mama, nina neno nataka kukuambia, lakini si la kwenye simu. Naomba uje.”

Nikamuuliza, “Unaumwa?”

“Siumwi. Njoo tu, mama. Urs atatuma tiketi.”

Mama mwenye akili angekaa chini ajiulize ni neno gani hilo. Mimi nikajiuliza Uswisi kuna nini.

Nikaenda kwa Sista Gaudensia, mtawa mzee wa Kiswisi aliyekuwa bado hai wakati huo. Ndiye aliyempa shangazi yenu jina siku ya ubatizo, jina la mtakatifu wa kwao. Akafungua sanduku lake akanipa kijitabu chenye jalada jekundu na msalaba mweupe. Kilipigwa taipu kwa Kiswahili, kwa ajili ya wanakwaya waliowahi kualikwa huko zamani. Kurasa sitini na nne. Maisha ya Waswisi na desturi zao, kila ukurasa na lake.

Wajukuu zangu, mimi niliishia darasa la nne. Nilifaulu, lakini baba alisema inatosha. Tangu hapo sikuwahi kupewa kitabu nikaambiwa hiki ni chako, kisome. Basi nilikisoma! Nilikaa barazani na miwani ya babu yenu, penseli sikioni, kila siku kurasa mbili. Saa nne kwao ni saa nne, saa nne na dakika tano ni matusi. Viatu vya nje huishia mlangoni. Salamu ni busu tatu za shavuni, kulia, kushoto, kulia. Chupa nyeupe haitupwi pamoja na ya kijani, na Jumapili haitupwi kabisa, maana mlio wake unasumbua majirani. Jumapili hufui, hutwangi, hupigi msumari. Huendi kwa mtu bila miadi. Humuulizi mtu umri wake, mshahara wake, ugonjwa wake, wala kwa nini hajazaa. Huo ulikuwa ukurasa wa thelathini na moja. Na ukurasa wa arobaini ulisema: mlango wa chumba ukifungwa, usibishe. Aliye ndani anataka kuwa peke yake. Ngoja atoke.

Jirani yangu Melania alikuja akanikuta najisomea kwa sauti, macho nimefumba.

“Wee Kostansia,” akasema, “unakwenda kwa mwanao au kwenye mtihani?”

“Nisije nikamtia aibu mbele ya wakwe zake.”

“Aibu gani? Mtoto amesema ana neno. Mimi ningebeba masikio tu.”

Alikuwa ameniletea furushi: mchele wa bondeni, ndizi zilizokaushwa, na kanga mpya ya kumfunga mwanamke tumbo. “Huwezi kujua,” akasema. Nikacheka. Alipoondoka nikalifungua furushi, nikatoa kila kitu. Ukurasa wa tisa ulikataza vyakula, na kanga niliona itanizidishia mzigo.

Nikafika. Verena alikuwa amesimama nje ya uwanja wa ndege, mwembamba, amevaa koti la kijivu. Aliponiona akafungua mikono yote miwili kama alivyokuwa akifanya akitoka shule. Nami nikamshika mabega kwa adabu, nikambusu kulia, kushoto, kulia.

Mikono yake ikabaki hewani kidogo. Halafu akaishusha.

“Mama, umejifunza wapi hayo?”

“Nimesoma,” nikasema. Nilijisikia kama mtoto aliyejibu swali ubaoni.

Nyumba yao ilikuwa ghorofa ya tatu, vyumba vitatu. Mimi nilipewa kile kidogo, cha mwisho. Kuta zake za manjano. Chini karibu na dirisha palikuwa na twiga wa karatasi aliyebandikwa ukutani, mtu amejaribu kumbandua akashindwa: shingo na mwili vimetoka, miguu minne imebaki. Nikaitazama ile miguu. Verena alikuwa amesimama mlangoni, hasogei.

“Umekiona chumba, mama?”

Nilitaka kuuliza twiga wa nani. Swali lilikuwa hapa, kwenye ncha ya ulimi. Nikakumbuka ukurasa wa thelathini na moja.

“Nimekiona. Kisafi sana.”

Akangoja tena kidogo. Kisha akasema chai iko tayari.

Nilikaa wiki tatu. Sikukosea jambo hata moja. Nilivaa kandambili zangu za ndani, nilitenga chupa kwa rangi, nilifika mezani kabla ya saa kugonga. Urs alifurahi mpaka akawaita wazazi wake, kwa miadi, waje waone. Akaniambia kwa Kiswahili chake cha kuvunjikavunjika, “Mama, wewe Mswisi kuliko sisi.” Nikacheka mpaka machozi. Verena alikuwa anakata mkate. Hakucheka.

Lile neno hakulisema. Na mimi sikumuuliza. Nilijiambia, akiwa tayari atasema, watu wa huku wana siri zao.

Ikaja Jumapili ya pili. Urs alikwenda kwa mama yake. Tukala mchana wawili, viazi na jibini. Verena aliosha vyombo polepole, kila kijiko peke yake, akafuta mikono, akasema, “Mama, naenda kujinyoosha kidogo.” Akaingia chumbani kwake akafunga mlango.

Nikakaa sebuleni. Jumapili ya Uswisi ni kimya, wajukuu zangu, hata jogoo hakuna. Ndipo nikasikia. Kilikuwa kilio cha mtu aliyejiziba mdomo kwa mto, kinapanda, kinakatika, kinapanda. Sauti ya mwanangu ningeitambua hata chini ya maji.

Nikainuka. Nikaenda kwenye korido, kwap, kwap, na kandambili zangu, hadi mbele ya mlango wake. Nikainua mkono.

Hapa kwetu nisingeinua mkono wala nini. Ningeita hodi nikiwa nimeshafika kitandani. Lakini pale mkono ulibaki juu. Ukurasa wa arobaini niliuona wote, na mstari niliopiga kwa penseli. Nilisimama hivyo mpaka bega likauma. Kilio kikanyamaza ghafla, kama mtu anayesikiliza. Nami nikashusha mkono taratibu, nikavua kandambili nisije nikamsumbua, nikarudi sebuleni bila viatu.

Alipotoka macho yalikuwa mekundu kama pilipili. Nilikuwa nimeshaandaa chai, vikombe viwili, saa kumi kamili.

“Umepumzika vizuri?” nikamuuliza.

“Nimepumzika, mama. Asante.”

Nikarudi Mahenge na sifa zangu. Nilimsimulia kila mtu jinsi nilivyokuwa Mswisi kuliko Waswisi. Melania peke yake aliuliza, “Na lile neno?” Nikasema, “Lilikuwa dogo, lilipita.” Simu za Verena zikapungua. Kila mwezi, kisha Krismasi na Pasaka.

Mwaka wa nne tangu nirudi, babu yenu Meinrad akafariki. Verena akaja kuzika. Mlikuwa wadogo, hamkumbuki. Nyumba ilijaa. Hakuna aliyepiga hodi. Wanawake waliingia na kuni kichwani, wakapita moja kwa moja hadi kwenye mkeka, wakajitupa. Hata Agripina, ambaye tulikuwa hatusalimiani miaka miwili kwa sababu ya mpaka wa shamba, aliingia akanikumbatia akalia kuliko mimi. Verena alikuwa amekaa pembeni, anatazama kila aliyeingia. Si kwamba aliwatazama nyuso. Alikuwa anautazama ule mlango.

Siku ya tatu, baada ya watu kupungua, tulikaa wawili nyuma ya nyumba tunachagua mchele. Huzuni imekwisha kunichosha, na ukichoka adabu nayo inachoka. Nikamuuliza, “Verena, ile Jumapili. Ulikuwa unalia nini?”

Hakuinua kichwa. Akaendelea kutoa mawe.

“Nilizaa, mama. Miezi mitano kabla hujaja. Mtoto wa kiume. Aliishi siku moja na nusu.”

Mchele ukanimwagika mapajani.

“Sikuwaambia kuhusu mimba. Nilitaka niwapigie nikiwa naye mkononi, msikie anavyolia. Nilimwita Meinrad.”

Babu yenu alikuwa chini ya udongo siku ya pili. Alizikwa bila kujua kwamba aliwahi kuwa na wajina wake.

“Kile chumba cha manjano,” nikasema.

“Ndicho. Nilikulaza mle makusudi. Nikakuuliza umekiona. Ukasema kisafi.”

Nikaanza kujitetea, kama mjinga. “Kitabu kilisema tusiulize. Kilisema mlango ukifungwa...”

“Najua, mama. Kitabu kilisema kweli. Kule ndivyo wanavyoishi, na si watu wabaya. Mama mkwe alileta maua akayaacha nje ya mlango. Majirani waliandika kadi. Urs alikuwa akiona nimejifungia, anatembea kwa ncha za vidole. Kila mtu aliuheshimu mlango wangu, mama. Miezi mitano. Nilichoka kuheshimiwa. Ndiyo maana nikakuita wewe. Nilisema, mama yangu hajui desturi za huku, mama yangu ataingia.”

Kuku walikuja wakaanza kudonoa mchele uliomwagika. Hakuna aliyewafukuza.

“Ile siku nilikusikia,” akasema. “Kandambili zako nazijua. Nilihesabu hatua: ya kwanza, ya pili, mpaka ya saba. Nikasema, sasa. Nikanyamaza ili nisikie kitasa. Nikasubiri. Halafu sikusikia kitu tena, wala hatua za kurudi. Nikadhani bado umesimama. Nilidhani hivyo mpaka saa kumi.”

Nilishika mikono yake, ilikuwa na vumbi la mchele. Miaka minne nilikuwa nimejisifu kwa zile hatua ambazo hazikusikika.

Nikamuuliza kwa sauti ndogo, kwa kuchelewa kote kule nilikochelewa: “Ulitaka nini, mwanangu?”

Ndipo akainua uso. Akalia kwa sauti, bila mto, hadi wanawake waliokuwa jikoni wakatoka mbio, na hakuna hata mmoja aliyeuliza kama anaruhusiwa kusogea. Na katikati ya kilio hicho akaniambia, nao wote wakasikia:

“Nilitaka uingie, mama. Uingie tu, na kandambili zako na kelele zako. Kilio hakingoji karibu.”