Fisi Aliyekataa Kusema Imetosha

Paukwa!

— Pakawa!

Pakawa nini?

— Pakawa pa kutisha, Shangazi, sogea karibu!

Nisogee wapi, na ungo wa karanga uko magotini? Sogeeni ninyi. Anayesikiliza anamenya, asiyemenya akachote maji. Na wewe Sechelela, njoo hapa mbele nikuone vizuri. Nasikia leo shuleni mmecheza rede, ukamwandama yule mtoto mgeni kwa mabao mpaka akalia, na alipolia ukasema "Ongeza!" Eti ni kweli? Hongera, mwanangu. Hongera sana. Haya, menya karanga.

Hapo kale wanyama nao walicheza rede, na uwanja wao ulikuwa korongo. Si mnalijua korongo? Mto usio na maji. Kiangazi ni mchanga mtupu, ukianguka huumii. Mmoja anaingia katikati, mchangani. Wawili wanasimama juu, mmoja ukingo huu, mmoja ukingo ule, wanamrushia mpira wa majani makavu. Wakimkosa, bao lake. Wakimpata, katoka, anaingia mwingine. Mzee Kobe, kwa kuwa hajui kurusha wala kukwepa, alipewa kibuyu akae nacho ukingoni. Bao moja, anatia kokoto moja: ko!

Na ilikuwepo desturi. Ukifikisha kokoto kumi, unasema kwa mdomo wako mwenyewe, "Imetosha." Hakuna wa kukusemea. Anayeshinda ndiye husema. Ukishasema unapanda ukingoni, unapewa matunda, mnakula wote, mnakwenda zenu. Kwa nini kumi, isiwe mia? Wengi walishasahau. Walidhani ni adabu tu, kama kuvua viatu mlangoni.

Basi mwaka mmoja kiangazi kikakaa, kikakaa, hakiondoki. Maji yakabaki kwenye kishimo kimoja tu, katikati ya korongo. Fisi akaja akakikalia.

"Hi hi hiii! Nani ana kiu?"

Wanyama wakarudi nyuma.

"Nauliza, nani ana kiu?"

Juu ya ukingo palikuwa na mwamba wenye nyufa, na humo alikaa Pimbi na wanawe wanne. Pimbi ni mdogo, mnene kidogo, mkia hana. Akatoa kichwa. "Sote tuna kiu, Bwana Fisi."

"Vizuri! Basi tucheze rede. Mkinipata na mpira, naondoka, mnakunywa. Lakini nikifika kumi, matunda mimi sili. Kila kokoto inayozidi kumi ni mtoto wako mmoja. Mdomo wangu hauingii kwenye nyufa zenu, kwa hiyo mtawatoa wenyewe, mniletee hapa."

"Na tukikataa?"

"Mtakufa kiu, na watoto watakufa kwanza. Chagueni, mimi sina haraka."

Ninyi mngechagua nini? Pimbi aliwatazama wanawe, midomo imewapasuka kwa ukavu, mdogo wao Kadogo hata kulia hawezi tena. Akaokota mpira. Upande wa pili akasimama Digidigi, miguu inamtetemeka.

Digidigi akarusha. Fyuu! Fisi akakwepa. Puu, mchangani. Ko!

Pimbi akarusha. Fyuu! Fisi akainama. Puu, mchangani. Ko!

"Bao! Tia kokoto! Ongeza!"

Jamani, mkono wenye hofu haulengi. Kila wakirusha wanaona meno, wakiona meno mpira unakwenda kombo. Fyuu, puu, ko! Fyuu, puu, ko! Fisi anacheza, anazunguka, anakata kiuno mchangani. Mara kokoto zikafika kumi.

Wote wakamtazama mdomo. Walijua alichosema, lakini moyo nao una ujinga wake, walitumaini desturi itamshika.

Fisi akajilamba. "Ongeza!"

Fyuu. Puu. Mzee Kobe akaishika ile kokoto ya kumi na moja, akasita.

"Tia, mzee, au nianze na wewe."

Ko!

"Huyo mkubwa wao!" Fisi akacheka. "Hi hi hiii! Mkubwa wangu!"

Mle kwenye mwamba mtoto mkubwa wa Pimbi akajikunyata nyuma ya wadogo zake. Pimbi akainamisha macho, na hapo, miguuni mwake, akaona sisimizi.

Sisimizi wanatoka mchangani. Msafara mrefu, wamebeba mayai yao midomoni, wanapanda ukingo. Hakuna anayerudi chini.

Pimbi akainua macho. Hapa mbingu safi, wala kiwingu. Lakini mbali, kule milimani korongo linakoanzia, palikuwa peusi tii. Upepo ukaleta harufu ya udongo uliolowa. Akakumbuka maneno ya marehemu mama yake: "Mwanangu, ile kumi haikuwekwa kwa huruma. Korongo lina mwenyewe. Mwenyewe akirudi asikukute umekaa kwake."

Mwenye korongo ni nani? Maji.

Afanyeje sasa? Akisema, Fisi atasikia naye, atapanda juu, na huku juu ndiko waliko watoto. Akinyamaza, kokoto zinaongezeka. Na mvua ya milimani ni tapeli, mara ngapi imenyesha kule na huku halikufika hata tone? Akikosea, amewauza wanawe kwa mikono yake mwenyewe. Akavuta pumzi, akasema kwa sauti tamu:

"Ama kweli Bwana Fisi, kwenye rede hujapata mwenzio!"

Fisi akageuka, kifua mbele. "Umeona eh?"

Lahaula! Kugeuka kule kukampa Digidigi mgongo mzima, mpana kama mlango. Digidigi akaacha kutetemeka. Akalenga. Safari hii angempata, hata mimi ningempata.

Pimbi akapiga kelele: "Bwana Fisi, inama!"

Fisi akainama. Fyuu. Puu. Ko!

Digidigi akabaki mdomo wazi. "Mama Pimbi! Umerukwa na akili? Nilikuwa nampata! Wale ni wanao!"

"Rusha mpira," Pimbi akasema. Hakuweza kumtazama.

"Msaliti! Mimi sirushi tena!"

"Rusha," Fisi akasema taratibu, "au nipande huko nikufundishe."

Digidigi akarusha huku analia. Ko! Hiyo ya mtoto wa tatu. Pimbi naye akauinua mpira polepole, kama anayemrushia mtoto anayejifunza kutembea. Ndipo ukasikika kwa mbali mlio mzito:

Nguruuu.

Fisi akasimamisha masikio. "Pimbi, kitu gani hicho?"

"Tumbo langu, Bwana. Naogopa."

"Hi hi hiii! Ogopa, mama, ogopa! Ongeza!"

Fyuu. Puu. Kokoto ya kumi na nne. Mzee Kobe akafumba macho. Ko!

Hiyo ilikuwa ya Kadogo.

Watoto wameisha, na maji hayajafika. Pimbi akatazama juu ya korongo: mchanga mkavu. Akatazama tena: mchanga mkavu. Akajua amekosea, akajua amewaua wanawe, akatamani ardhi impasukie.

Fisi akajinyoosha, akapiga miayo. "Aaah. Watoto wote wanne. Sasa naweza kusema imeto..."

"Bwana Fisi!" Pimbi akaropoka. "Imetosha vipi? Na mama yao je? Utaniacha nibaki kulia peke yangu? Mimi ndiye mnene humu. Ongeza bao la mama!"

Fisi akafunga mdomo. Macho yakamng'aa. "Unajitoa mwenyewe?"

"Rusha, Digidigi!"

Fyuu. Puu. Ko!

Nguruuu. Nguruuu. Vile vijiwe vya ukingoni vikaanza kurukaruka vyenyewe.

"Hilo nalo ni tumbo lako?"

"La Digidigi hilo."

Fisi akakunja uso. Akainua mguu mmoja kutoka mchangani, tayari kupanda. Pimbi akamkanyaga kwa siri Mzee Kobe, aliyekaa kando yake. Kobe, aliyewaona wale sisimizi kitambo, akajikohoza.

"Na... mi... mi... je?"

"Wewe nini, mzee?"

"Na... mi... mi... ni... na... nyama."

"Na gamba hilo nitalivunja na nini?"

"Ni... ta... li... vu..."

"Utalivunja?"

"...a. Ni... ta... li... vu... a."

Tangu dunia iumbwe hakuna aliyewahi kumshukuru Mungu kwa uzito wa ulimi wa Kobe, ila Pimbi siku ile. Fisi akaushusha mguu. "Atalivua mwenyewe! Basi na Kobe! Ongeza! Na kibuyu kijae! Onge..."

NGURUUU!

Kona ya juu ikapasuka. Maji mekundu, marefu kuliko nyumba, yamebeba miti na mizizi yake, yamebeba mawe, yamebeba hata ng'ombe wa watu. Fisi akageuka, akayaona. Lile neno aliloshindwa kulisema tangu mwanzo likamtoka lenyewe.

"Imetosha!"

Maji yakaja.

"Imetosha! Jamani, imetosha! Pimbi, yaambie imetosha!"

Lakini desturi mnaijua. Anayeshinda ndiye husema. Na sasa aliyekuwa anashinda ni maji, na maji hayakusema kitu. Yalimwinua, yakampiga kwenye jiwe, yakamzamisha, yakamwinua tena, yakampiga tena. Kichwa kikaonekana mara moja kule chini kwenye kona. Basi.

Digidigi akakaa chini kwenye ukingo wake. Sasa ameelewa. Machozi hayajamkauka, akaanza kucheka. Pimbi naye akacheka. Na Mzee Kobe, hofu imemganda mikononi, kila gogo lililopita majini akatia kokoto kwenye kibuyu. Ko! Gogo lingine. Ko! Wakacheka zaidi. "Ongeza!" Digidigi akapiga kelele kutoka ng'ambo. Ko! "Ongeza!" Wakacheka wote, na kicheko chao, sijui kilitoka wapi, kilikuwa hi hi hiii.

Kadogo akatoka kwenye ufa. Akamsikia mama yake anavyocheka, akaogopa kuliko alivyomwogopa Fisi. Akamshika kidole.

"Mama. Imetosha."

Pimbi akanyamaza. Akamshika Kobe mkono, kokoto ikabaki hewani. Wakashuka pembeni, maji yalipotulia, wakanywa. Digidigi akanywa ukingoni kwake, nao wakanywa kwao.

Hadithi yangu imeishia kwenye mchanga uliolowa. Anayetaka kujua Fisi alifika wapi akayaulize maji, mimi sikuyafuata.

Na mafunzo yake ni haya, shikeni vizuri: ukimshinda mwenzio, mzidishie. Akilia, ongeza. Huruma waachie walioshindwa, na hizo kumi waachie wazee waliochoka. Wewe cheza tu huko katikati, usitazame juu. Sisi tulioko ukingoni tutakupigia makofi.

Sechelela, mbona umeacha kumenya?

— Shangazi, kesho nikifika kumi, nikitoka mwenyewe ni vibaya?

Utoke uende wapi, na wewe ndiye bingwa? Kaa huko huko, mwanangu. Kwani umesikia kitu?