Kilango Kilichofungwa Mapema

Mtu mmoja wa Makete, jina lake Ambakisye, alikuwa na jiko la kuni la chuma na binti mmoja aliyeitwa Sekela. Jiko alilinunua kwa sababu ya baridi ya milimani. Binti alirudi nyumbani kwa baba yake mwezi wa Juni, baada ya kumzika mwanawe wa pekee.

Fundi aliyeleta jiko alimwonyesha kigae kilichokaa juu ya moto, chenye matundu mengi kama sega la nyuki. "Baba, kigae hiki kikiwa cha moto sana, moshi unaopita humu unaungua nao. Hizo ni kuni zako za pili, na hukuzipasua," alisema, akacheka. "Ila usiwe na haraka. Kwanza acha kilango hiki cha bomba wazi, moshi upande moja kwa moja nje, mpaka kigae kishike moto. Ndipo ufunge, moshi upite kwenye kigae."

Ambakisye alikuwa mtu mwema, asiyependa kuona kitu kikipotea. Kila asubuhi alipowasha jiko alitoka nje, akatazama moshi ukipanda juu ya bati, mweupe na mzito, akaona ni joto la nyumba yake linalokwenda bure, tena mbele ya majirani. Hakuweza kuvumilia. Kuni hazijakolea, yeye amekwisha kufunga kilango.

Na kwa Sekela alifanya vivyo hivyo. Kila alipoanza kusimulia habari za mtoto, jinsi alivyoomba maji, jinsi vidole vyake vilivyopoa kimoja kimoja, baba yake alimkatiza kwa upole. "Basi, mama. Yamepita. Kunywa chai." Alimkatiza kwa kuwa alimpenda, na kwa kuwa mtoto yule alikuwa mjukuu wake. Sekela akanywa chai. Kufikia Agosti alikuwa halii tena, na Ambakisye akamshukuru Mungu kwamba binti yake amepona.

Jiko likaanza kufuka ndani. Kuni zilikuwa zikiwaka, na nyumba ina baridi. Fundi akaitwa, akakitoa kigae. Kila tundu lilikuwa limezibwa na masizi yanayonata kama lami.

"Moshi hauungui kwenye kigae cha baridi, baba," alisema. "Unaganda."

Ambakisye akageuka kumtazama binti yake. Sekela alikuwa amekaa kando ya ukuta, macho makavu, kama mgeni anayengoja kuruhusiwa kuondoka. Mzee akapiga magoti mbele yake, fundi akiwa hapo hapo.

"Niambie habari za mtoto," alisema. "Zote. Sitakukatiza."

Sekela alimtazama bila hasira.

"Habari zipi, baba?"

Kigae kingine kilipatikana Njombe wiki ile ile. Lakini mtu aliyenyamazishwa na wanaompenda kabla huzuni yake haijashika moto, tutamtafutia wapi moyo mwingine?