Diski Mbili na Wimbo wa Mzee Mbaruku

Hapo zamani, si zamani ya majini na masultani, zamani ya juzi tu, palikuwa na mwandika programu pale Tanga aitwaye Mwasiti. Mwasiti alipenda vitu viwili: Linux, mfumo wa kuendeshea kompyuta, na gambusi. Linux aliipenda kwa sababu, kama alivyozoea kuwaambia hata wasiomuuliza, hufanya unachoiamuru na haijifanyi kujua kuliko wewe. Gambusi alilipenda kwa ajili ya baba yake, Mzee Mbaruku, fundi cherehani aliyekuwa akilipiga, Mungu amrehemu.

Mzee alitunga wimbo mmoja tu maisha yake yote. Alimpigia mkewe wimbo huo siku walipooana, na hakuupiga kamwe nje ya nyumba yake. Mwaka wa mwisho wa uhai wa Mzee, Mwasiti alimrekodi, na katikati ya wimbo mama yake anasikika akicheka. Dakika nne, basi.

Kila Ijumaa baada ya swala Mwasiti alikwenda Pongwe kwa mama yake, kompyuta begani, wakausikiliza pamoja. Siku alipotaka kumwekea mama wimbo huo kwenye simu, mama alikataa katakata.

"Ukishauweka humu, mwanangu, Ijumaa utakuja kufanya nini?"

Mwasiti akamrudishia simu yake. Kuweka nakala ya siri aliona ni kumzunguka mama. Basi yeye, aliyewahubiria wenzake wa klabu ya Linux kila mwezi kwamba kitu chenye nakala moja kimeshapotea, wimbo wa baba yake akauacha kwenye diski moja ya kuchomeka.

Ijumaa moja asubuhi diski ile ikaanza kugonga ndani, tk, tk, tk. Mwasiti akaingiwa na hofu, akawaita rafiki zake wawili. Mhando, hodari wa kuandika programu, akaandika moja fupi: diski itakayochomekwa kwanza ndiyo inayonakiliwa, na inayofuata inafutwa na kuandikiwa nakala hiyo. Siwema, fundi wa kompyuta mwenye mikono myepesi, akachomeka diski mbili, ile inayogonga na nyingine mpya tupu. Mwasiti akakaa kwenye kibodi. Programu ikaonyesha diski zote mbili, ikauliza: una hakika? Mwasiti akajibu ndiyo.

Kazi ikaenda vizuri mno. Haikulalamika hata mara moja. Kumbe Siwema alikuwa amechomeka ile mpya kwanza, na diski tupu ikaandikwa juu ya diski yenye wimbo. Walitafuta mpaka adhuhuri kwa kila kifaa walichokijua, wakakuta sufuri tupu, kutoka mwanzo hadi mwisho.

Mhando alisema, "Mimi programu yangu imefanya nilichoiandika. Tena niliweka swali. Aliyejibu ndiyo si mimi."

Siwema alisema, "Mimi nimechomeka kwa huruma. Ile mbovu sikutaka izunguke bure wakati mnajiandaa, nikaichomeka mwisho. Utaratibu hukuniambia, Mhando."

Mhando akasema alidhani kila mtu anajua. Siwema akamuuliza kila mtu ni nani.

"Mimi swali lile nimelijibu mara elfu," Mwasiti alisema. "Mkono umejibu kabla ya macho kusoma. Na nakala moja niliiacha mimi. Ila mama naye angeniruhusu..." Hapo akajiuma ulimi, akaona haya.

Wimbo wenyewe anaujua. Angeweza kushika gambusi akaupiga mwanzo hadi mwisho, na watu wasingeona tofauti. Lakini kile kicheko cha mama hakipigiki kwa gambusi, na mama hungojea hapohapo, kila Ijumaa, ajisikie akicheka na mumewe yuko hai.

Baada ya swala wakapanda bajaji wote watatu. Walipofika Pongwe mlango ulikuwa umerudishwa tu. Ndani mkeka umetandikwa, kahawa ya tangawizi inanukia hadi barazani. Mhando akamtazama Siwema. Siwema akamtazama Mwasiti. Mwasiti akatazama begi lake.

Mama akawasikia. "Mbona mmesimama nje, wanangu? Ingieni basi. Leo nimeota wimbo ule, nimeamka nao mdomoni."

Haya, nyinyi mnaonisikiliza, nimewafikisha mlangoni na zaidi ya hapo siendi. Yuko Mhando aliyeandika bila kueleza, na Siwema aliyechomeka kwa huruma. Yuko Mwasiti aliyejibu bila kusoma. Na huyo mama mwenyewe, aliyekataa nakala ili mwanawe asiache kuja. Je, kosa hili ni la nani, na nani kati ya hawa watatu wa mlangoni atangulie kuingia akamwambie?