Kompyuta Haivui Soksi

"Kompyuta haivui soksi." Mmeisikia mapokezini mkacheka. Chekeni tu, wanangu wauguzi wapya, lakini mlioniuliza ilikotoka kaeni chini, maana chanzo chake ni mimi.

Methali hii ilianza hivi. Zahanati yetu hapa Njombe ilikuwa ya mafaili ya karatasi. Mzee Mligo, mkulima wa viazi, alikuwa na kisukari, na mguu wa mwenye kisukari huweza kuoza mwenyewe asisikie maumivu. Kwa hiyo kila mwezi nilimvua soksi zake nzito za sufu, nikatazama hadi katikati ya vidole, ndipo nikaandika.

Zikaja kompyuta. Loo, tulivyofurahi! Unafungua jina la mgonjwa, unabonyeza kitufe kimoja, maelezo ya mwezi uliopita, uzito na yote, yanajileta yenyewe: "Miguu imekaguliwa, haina kidonda." Na fomu ya madai ya bima inajijaza papo hapo, ada ya kukagua miguu ikiwamo. Foleni ilikuwa ndefu, na kumvua mzee soksi kunakula muda. Nikabonyeza. Mwezi uliofuata nikabonyeza tena. Wala sikujiona mwizi, nilijiona hodari.

Mwezi wa saba tangu zije kompyuta akaja mkaguzi wa bima, dada mpole aitwaye Atupele, na karatasi saba mkononi.

"Sista Sigrada, huyu mzee miezi saba uzito wake haupungui wala hauongezeki hata robo kilo?"

"Ndivyo alivyo," nikamjibu kwa ukali. Nilikuwa na mdomo siku hizo.

Kumbe Mzee Mligo mwenyewe yuko pale kwenye benchi, anasubiri dawa. Atupele akamwinamia, akamsalimu kwa lugha ya kwao. "Kamwene, baba. Hapa wamekutazama miguu lini?"

"Miguu?" Mzee akanitupia jicho, kama anayeogopa kuniponza. "Tangu ije kompyuta, mwanangu, hawanivui soksi. Nilidhani yenyewe inaona ndani."

Nikapiga magoti pale pale. Soksi ya kushoto ilikuwa imegandia mguuni. Chini ya kidole kidogo palikuwa na kidonda cheusi, na mwenyewe hasikii kitu. Nililia mbele ya wagonjwa wote.

Bima ilirudishiwa fedha zake. Kidole hakikurudi, kilikatwa hospitali ya wilaya wiki ile ile, ili mguu upone. Nilipokwenda kumwona wodini nililia tena. Akasema: "Usilie, binti yangu. Kompyuta haivui soksi. Wewe ndiye unayevua."

Tangu hapo kila mwezi, hata jua liwe kali namna gani, Mzee Mligo huja amevaa soksi mbili mbili kila mguu, makusudi. Anakaa, ananinyooshea mguu. Nami navua ya kwanza, navua ya pili, nahesabu vidole vyote tisa, ndipo naigeukia mashine.

Kompyuta haivui soksi.