Matumbo ya Kiangazi

Ndugu zangu, liko jambo limenishinda kulifumbua, nami nawaletea likiwa bado limefungwa. Pale mto unapomwaga maji yake matamu baharini, chakula kikijaa wakati wa mvua, samaki wote hula kitu kimoja. Pasua mkizi, pasua chaa, pasua hongwe, utakuta kamba watupu. Kiangazi kikiingia na kamba wakiadimika, mkizi hurudi kwenye tope lake, chaa kwenye minyoo, hongwe kwenye kaa. Njaa ikija, wanaachiana. Nani aliwafundisha? Sijui.

Aliyeyaona hayo ni mama mmoja mpasua samaki. Ujira wa wapasuaji ulikuwa vichwa, matumbo yalitupwa. Akatokea mwanamke mgeni, mtu wa bara, na watoto wake. Akawa anayakinga matumbo yale kwa beseni, anayaosha, anawapikia. Yule mama akampenda, akamfunulia mambo ya samaki.

"Umeona, dada? Kila mmoja na chake."

Mgeni akacheka. "Basi mimi ndiye mkizi wenu. Nyie kuleni kamba, mniachie tope langu."

"Hilo tope nani atakunyang'anya?"

Kikaja kiangazi kibaya. Samaki wakawa haba, na vichwa vikawa haba. Wapasuaji wakakutana, wakafungua kikao kwa dua, kisha mkubwa wao akasema, "Kumbe matumbo nayo ni mboga. Mgeni atupishe."

"Ana watoto," akasema yule mama.

"Na sisi tumezaa kuku?"

Wakacheka, kicheko cha watu wenye njaa. Kisha likaja swali: nani atamwambia? Mmoja, ambaye ulimi wake uliogopwa na hata wavuvi, akatikisa kichwa. "Mimi nitamtukana bure, tuje kulaumiwa. Aende rafiki yake. Wewe mama, wewe anakusikia."

Yule mama akakumbuka sufuria yake iliyofunikwa nyumbani, haina kitu ndani.

Mnamtafuta mtu mbaya katika mfano huu? Nami nilimtafuta, nikakuta wanawake wenye njaa tu. Lakini sisi je, sisi ambao jana tulikula tukasaza? Tunapoketi kumtoa mtu kazini, kumtoa mjane nyumbani kwa marehemu, kumtoa mgeni kwenye safu zetu, humtuma nani? Humtafuta mpole wetu, mwenye sauti nzuri, ili jambo bovu limfikie mwenzetu likiwa limepakwa asali. Na wewe mpole uliyeketi hapo, umetumwa mara ngapi, ukaenda?

Basi iliamuliwa kwamba mgeni yule asikanyage tena pale wanapopasua samaki. Kesho yake beseni lilitolewa mikononi mwake taratibu, bila tusi hata moja, huku akishikwa bega na kuitwa dada. Aliyelitoa ni yule mama.